Kilomita Chache si Ujana wa Gari

Umezuka mtindo miongoni mwa watumishi wa umma katika mikoa ya Shinyanga na Geita, na kwa hakika katika sehemu nyingi za nchi yetu, wa kununua magari madogo ya kifahari yaliyokwisha kutumika huko Japani. Toyota Crown, Mark X, Brevis na hata Mercedes-Benz za miaka ya 2000 zinaonekana siku hizi zimeegeshwa mbele ya ofisi za kata, chini ya miembe ya shule na katika nyua za vituo vya afya. Magari hayo yalipokuwa mapya hayakuwa ya mwalimu wala ya bwana shamba. Yalikuwa ya wakurugenzi wa makampuni na ya wazee wenye nafasi katika miji ya Japani. Leo bei yake imeshuka hata mtumishi mwenye mkopo wa benki anaweza kuifikia, na muuzaji akiulizwa habari za umri wa gari hujibu kwa hoja moja anayoiona kuwa inamaliza mjadala wote: gari hili limetembea kilomita elfu sitini tu.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hoja hiyo kwa manufaa ya mtumishi aliyeko Segese, Bugarama, Kakola au mahali pengine popote katika ukanda wa dhahabu, ambaye huenda wakati huu huu ana fomu ya mkopo mezani na picha ya gari mfukoni. Kilomita chache ni habari njema, lakini si habari kamili. Jambo linalopaswa kuamua ni gharama ya kulitunza gari hilo pamoja na kazi litakayofanya, wala si tarakimu zilizomo katika dashibodi, na wala si bei iliyobandikwa kwenye kioo.

Watasema baadhi ya wasomaji kwamba hili ni jambo la mtu binafsi, na kwamba gazeti lina mambo makubwa zaidi ya kujadili. Hatukubaliani nao. Mwalimu anayekatwa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa miaka sita kwa ajili ya gari lililosimama gereji hawezi kuingia darasani na moyo mtulivu. Ofisa aliyebanwa na madeni ndiye wa kwanza kujaribiwa na bahasha. Uamuzi wa kununua gari hufanywa nyumbani, lakini matokeo yake huonekana shuleni na ofisini.

KIZAZI CHA KIBALI NA KIZAZI CHA HIARI

Wale waliokuwa kazini katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakumbuka kwamba suala la gari halikuwa la mtu peke yake. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na mtu hakuagiza gari kama anavyoagiza leo. Jina la "Wabenzi" lilikuwa shutuma waliyopewa wale waliofanya gari kuwa kipimo cha ukubwa wa mtu. Mwaka 1984 ndipo Serikali ilipoanza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje, na tangu wakati huo mlango umezidi kupanuka.

Hatusemi turudi huko. Tunasema tu kwamba zamani nidhamu ya matumizi ililetwa na kibali, na leo kibali hakipo. Yeyote mwenye simu mkononi anaweza kuchagua gari lililoko Yokohama akiwa ameketi barazani Segese. Kwa hiyo nidhamu ambayo zamani ilitoka nje ya mtu sasa hapana budi itoke ndani yake mwenyewe, na nidhamu hiyo haiwezekani bila elimu ya jambo lenyewe.

KWA NINI LIMEKUWA RAHISI

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini gari zuri kama hilo linauzwa kwa bei ndogo. Nchini Japani kila gari hupitia ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baadaye kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Tena gari la petroli likizidi miaka 13 kodi yake ya mwaka huongezwa. Mwenye gari akipiga hesabu anaona ni nafuu kuliuza kuliko kuendelea kulilipia. Aidha, miji ya Japani ina treni nyingi zinazokwenda kwa saa, hata mtu anaweza kumiliki gari kwa miaka mingi na kuliendesha mara chache tu.

Kwa hiyo si kweli kwamba kila gari kuukuu lenye kilomita chache ni la udanganyifu. Yapo ambayo kweli yalikuwa ya mzee aliyekwenda nalo dukani na hospitali. Lakini msomaji na ajiulize swali moja: ikiwa mwenye gari, katika nchi ambamo gari hilo limeundwa, penye mafundi wake na vipuri vyake, ameona kwamba kulitunza ni mzigo, je, mzigo huo utapungua ukihamishiwa Segese? Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Urahisi wa bei ya gari hili umetokana na ughali wa kulitunza, na anayenunua hununua vyote viwili kwa pamoja.

UMRI UNAOFICHWA NA KILOMITA

Gari huzeeka kwa njia mbili. Huzeeka kwa kutembea, na huzeeka kwa kukaa. Kutembea hula pistoni, gia, breki na beringi. Kukaa hula mpira, plastiki na vimiminika. Mita ya kilomita huhesabu uzee wa kwanza tu. Uzee wa pili hauhesabiwi na chombo chochote kilichomo garini.

Tuchukue gari lililotengenezwa mwaka 2006 likaonyesha kilomita 60,000. Mipira inayozuia oili isivuje katika injini na gia boksi imekwisha kukauka na kuwa migumu. Mipira ya rejeta na bushi za miguu zimeanza kupasuka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na unyevu huo hushusha nguvu ya breki zikipata joto na kuleta kutu ndani ya pampu. Tairi huweza kuwa na meno yote na bado likawa limekufa. Mnunuzi aangalie tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, mbili za kwanza zikiwa ni juma na mbili za mwisho zikiwa ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 1512 maana yake ni juma la 15 la mwaka 2012. Injini za Brevis, zenye asili ya JZ, huendeshwa kwa mkanda wa mpira ambao lazima ubadilishwe kwa umri hata kama kilomita zake hazijatimia. Crown na Mark X zenye injini ya V6 ya sentimita za ujazo 2,500 hutumia mnyororo badala ya mkanda, na hiyo ni nafuu, lakini injini hizo hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na zikitumika kwa safari fupi fupi huelekea kujaza masizi katika vali. Yaani ule utumiaji mdogo unaosifiwa na muuzaji ndio huo huo unaoweza kuwa chanzo cha maradhi.

Upo mfano mmoja uliotikisa dunia nzima unaoonyesha kwamba umri ni hatari hata pasipo kilomita. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa inayofumuka kumkinga dereva wakati wa ajali. Ikagundulika kwamba baruti iliyomo katika mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu kadiri miaka inavyopita, hata mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma na kuweza kumwua yule uliyekusudiwa kumwokoa. Nchini Marekani peke yake mifuko ipatayo milioni 67 ilitakiwa ibadilishwe, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Magari ya makampuni mengi ya Japani yalihusika. Mtu anayenunua gari la miaka hiyo hana budi kuchukua namba ya chesisi na kuuliza kwa wakala wa kiwanda kama gari hilo ni miongoni mwa yaliyoitwa na kama lilitengenezwa. Hakuna kilomita, ziwe chache namna gani, zinazoweza kujibu swali hilo.

Watu wa Segese hawahitaji kufundishwa somo hili, kwa sababu wanalifanya kila siku katika machimbo. Mnunuzi wa mawe hanunui jiwe kwa kuwa linang'aa. Huchukua sampuli, akaiponda, akaiosha, akatazama kilichobaki, ndipo anataja bei. Jiwe liking'aa bila kupimwa huitwa jiwe tu. Inashangaza, basi, kwamba mtu yule yule aliye mwerevu mbele ya kiroba cha mawe hupoteza werevu wake mbele ya gari lililopigwa rangi na kunyunyiziwa manukato.

TARAKIMU ZINAZORUDISHWA NYUMA

Hapo juu tumechukulia kwamba kilomita ni za kweli. Lakini inajulikana kwamba mita hurudishwa nyuma, na kazi hiyo katika magari ya siku hizi huhitaji kompyuta ndogo na dakika chache. Mnunuzi na asitegemee macho yake kwenye dashibodi.

Gari lililotoka Japani huja na cheti cha kulisafirisha nje, na katika cheti hicho huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Gari lililopita mnadani huwa na karatasi ya mnada yenye daraja lake, na herufi R katika nafasi ya daraja huashiria kwamba lilipata ajali likatengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi hizo zimepotea amekwisha kujibu swali ambalo hajaulizwa. Tena na atazame pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kiti kilicholegea na pedali iliyolika hadi kuwa laini si vya gari lililotembea kilomita 60,000. Kizuri chajiuza, kikiwa kinatembezwa kwa maneno mengi, mnunuzi ana haki ya kushuku.

Ikiwa gari limenunuliwa hapa nchini kutoka kwa mtu au yadi, jina lililo katika kadi ya gari lilingane na la muuzaji, namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, na ithibitishwe kwamba hakuna faini za barabarani zinazodaiwa. Mambo haya ni madogo kwa anayeyafanya mapema, na ni makubwa kwa anayeyakumbuka baada ya kulipa.

KODI INAPIMA UMRI, HAIPIMI KILOMITA

Wapo wanaoona bei ya gari katika matangazo ya Japani, wakaibadili kwa shilingi, wakafurahi. Hao wanasahau bandari. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari la abiria ni asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, ambao kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 ni asilimia 10. Gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu. Kisha inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo.

Tufanye hesabu. Tuseme gari la injini ya 2,500 limethaminiwa na Mamlaka ya Mapato kuwa dola 5,000 likifika Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni dola 1,250, na jumla inakuwa dola 6,250. Asilimia 10 na asilimia 30 ya jumla hiyo ni dola 2,500, hivyo tunafikia dola 8,750. Asilimia 18 yake ni dola 1,575. Gari la dola 5,000 limekuwa la dola 10,325 kabla ya tozo nyinginezo, gharama za bandari, usajili na bima. Na ieleweke kwamba Mamlaka hutumia thamani iliyo katika orodha yake yenyewe, si lazima ile iliyoandikwa katika ankara ya muuzaji.

Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali palipoulizwa gari limetembea kilomita ngapi. Serikali imepima umri na ukubwa wa injini. Majirani zetu wamekwenda mbali zaidi: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2018 magari yaliyozidi miaka 15. Sisi tumeuacha mlango wazi ila tumeweka ushuru mlangoni. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na viwango hivyo, lakini hawezi kusema hakuonywa kuhusu jambo ambalo nchi zote tatu zimeliona kuwa ndilo la kuzingatia.

BARABARA NA FUNDI

Sasa tulitoe gari bandarini, tulisafirishe karibu kilomita elfu moja hadi Kahama, na tulifikishe Segese. Sakafu ya gari hilo imeinuka kutoka ardhini kwa takribani sentimita 15, nayo ni shubiri moja ya mtu mzima isiyotimia. Liliundwa kwa ajili ya lami. Hata pale ambapo barabara kuu imewekwa lami, njia ziendazo shuleni, zahanati na mashambani bado ni za udongo, na kila mtu wa huku anajua udongo mweusi wa mbuga unavyokuwa wakati wa masika. Mtumishi ambaye kazi yake ni kuzungukia shule za kata au kukagua mashamba ya pamba na mpunga atakuta kwamba gari lake zuri linamfikisha hadi kijijini, kisha anaazima pikipiki ili aifikie kazi yenyewe. Sampu ikigongwa na jiwe, safari imekwisha na hesabu imeanza.

Kuhusu mafundi, tunao wengi na ni hodari. Lakini uhodari wao umejengwa juu ya magari wanayoyaona kila siku. Gari la kifahari lina kompyuta nyingi, vihisio vingi, na baadhi yake, kama vile Mercedes-Benz kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mfuko mmoja ukipasuka gari hulala upande kama ng'ombe aliyechoka, wala hapana nyundo ya kuliinua. Kipuri kikikosekana Kahama hutafutwa Mwanza, kikikosekana Mwanza huagizwa Kariakoo, na kwa muda wote huo mkopo wa benki hausimami kungoja.

Tuwatazame wenzetu wanaopata riziki kwa magari. Wenye yale magari madogo ya abiria yanayoitwa michomoko, wanaokula kwa kila lita na kila tairi, mbona wamechagua Probox yenye injini ya 1,300 au 1,500? Si kwamba hawaujui uzuri wa Crown. Wamepiga hesabu. Anayekula kutokana na gari hulichagua kwa namna moja, na anayelilisha hulichagua kwa namna nyingine. Lakini mtumishi anayelilisha kwa mshahara alipaswa kuwa mwangalifu zaidi ya dereva, kwa kuwa gari lake halimletei hata senti.

HESABU YA MWEZI

Tuseme mwalimu amekopa shilingi milioni 20 kwa miaka sita, kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Atakatwa kiasi cha shilingi 412,000 kila mwezi, na hadi mwisho atakuwa amelipa karibu shilingi milioni 29.7. Tuseme tena anatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, na gari lake linakwenda kilomita 8 kwa lita katika njia zetu. Atahitaji lita 125. Tukichukua bei ya shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni shilingi 375,000. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita lingetaka lita 67 tu, yaani shilingi 201,000. Tofauti ni shilingi 174,000 kwa mwezi, au zaidi ya milioni mbili kwa mwaka.

Mkopo na petroli ya gari la kifahari, basi, ni shilingi 787,000 kwa mwezi, kabla ya tairi, oili, bima na fundi. Kila msomaji na aichukue hati yake ya mshahara aiweke pembeni ya tarakimu hiyo. Utaratibu unaotaka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato uliwekwa ili asife njaa. Haukuwekwa ili theluthi hiyo iwe ya petroli. Na tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na tozo kuongezwa katika mafuta, mwenye gari lenye kiu analipa kodi zaidi kila anaposimama kwenye kituo cha mafuta.

Kuna pia suala la kuliuza. Soko la magari ya kifahari katika ukanda huu linategemea sana dhahabu. Mawe yakiwa mazuri, wanunuzi wako; yakikauka, hawapo. Watu wa Kahama waliona mgodi wa Buzwagi ukimaliza uzalishaji mwaka 2021, nao wanajua jinsi fedha inavyoweza kuhama mji. Mwenye kutegemea kwamba atalitumia gari miaka miwili kisha aliuze kwa bei nzuri ameweka akiba yake katika duara ambalo hajui kina chake.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Si haki kuufunga mjadala bila kuwasikiliza wanaofikiri vingine. Wanasema, kwanza, kwamba mtumishi naye ni binadamu, na kwamba baada ya miaka 20 ya vumbi la chaki anastahili kiti laini na gari lenye ubaridi ndani. Hoja hii ni ya kweli, na hatuoni fahari yoyote katika ufukara. Wanasema, pili, kwamba gari kubwa la zamani ni imara na tulivu zaidi katika safari ndefu kuliko gari jipya jepesi la bei ile ile, na kwamba familia inayosafiri Mwanza au Dodoma mara kwa mara huhitaji utulivu huo. Na hilo pia lina ukweli ndani yake. Wanasema, tatu, kwamba gari hushusha thamani yake kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo, hivyo anayenunua la zamani amemwachia mwenye kwanza hasara. Hayo ni sahihi kabisa.

Lakini hoja zote tatu zinamsaidia mtu ambaye ana fedha ya kulinunua na bado ana fedha ya kulitunza. Hazimsaidii yule aliyemaliza uwezo wake wote siku ya kununua. Kwake yeye starehe itadumu hadi hitilafu ya kwanza, na baada ya hapo gari litakuwa banda la kuku lenye viti vya ngozi. Kupanda mchongoma si kazi. Kushuka ndiyo ngoma.

VIPIMO VITATU

Kwa hiyo tunapendekeza vipimo vitatu, na gari lipite vyote ndipo linunuliwe.

Kipimo cha kwanza ni cha kazi. Mnunuzi aandike katika karatasi safari zake za mwezi mmoja: wapi, njia gani, mara ngapi. Ikiwa nyingi ni za lami, kipimo kimepitwa. Ikiwa nyingi ni za udongo na za kwenda vijijini, aache, hata kama gari limetembea kilomita kumi tu.

Kipimo cha pili ni cha afya ya gari. Alipeleke kwa fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, na amlipe. Fundi aangalie uvujaji, mipira, bushi, gia likiwa la moto na likiwa baridi, na kompyuta ya gari isomwe. Karatasi za Japani zionekane. Fedha anayolipwa fundi kwa gari lililokataliwa haikupotea. Hiyo ndiyo fedha iliyookoa nyingine zote.

Kipimo cha tatu ni cha mfuko, nacho ndicho kikubwa. Kwa kila shilingi milioni nne za bei ya gari, awe na shilingi milioni moja iliyobaki pembeni kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza: mipira, tairi, vimiminika vyote, betri, shokapu, na mkanda kama upo. Kipimo hiki ni chetu, na mtu anaweza kukirekebisha kulingana na gari. Asilolazimika kurekebisha ni wazo lenyewe, kwamba gari la miaka 20 halinunuliwi kwa fedha yote iliyopo. Asiyekuwa na akiba hiyo hana uwezo wa kulinunua gari hilo, ijapokuwa benki imemwambia kwamba anao.

Anayefaulu vipimo vyote vitatu na alinunue bila kuona haya, aliendeshe na watoto wake, na majirani wamwache kwa amani. Anayeshindwa kimoja atafute gari dogo lenye umri mdogo zaidi, hata kama mita yake inaonyesha kilomita laki moja zilizotembewa kwa uaminifu na kutunzwa kwa kumbukumbu. Au aendelee na basi kwa mwaka mwingine huku akiweka akiba. Hakuna aibu katika kungoja.

Vyuo vyetu vya ualimu na utumishi, pamoja na vyama vya wafanyakazi na vile vya kuweka na kukopa, vingefanya jambo jema kuwafundisha watumishi wapya hesabu ya namna hii kabla mkopo wa kwanza haujaingia katika akaunti. Tunawafundisha walimu kutunga maazimio ya kazi ya mwaka mzima, kipindi kwa kipindi, lakini hatuwafundishi kutunga azimio la mkopo wa miaka sita. Pengo hilo lizibwe, na lizibwe na wale wanaowaidhinisha watumishi kukopa, kwa maana saini yao nayo imo katika fomu ile.